Wifi, Simba na Kilo Sabini

Wifi yangu alianza kujiita simba akiwa na miaka arobaini na moja. Mke wa mdogo wangu, mama wa watoto wawili wanaomzidi urefu, mfuaji wa mashuka ya hospitali, alisimama uani asubuhi na mswaki mdomoni, akajitazama kwenye kioo cha kunyolea cha mumewe, akasema, "Mimi ni simba." Povu likamdondokea kifuani. Nilikuwa kibarazani kwangu natia uzi kwenye cherehani, nikamjibu hapo hapo kwamba simba hapigi mswaki.

Hakusema kitu. Hiyo ndiyo tabia yake, na ndiyo iliyonichosha miaka yote. Ukimrushia neno halirudi. Linaingia tu ndani yake na kukaa huko, wala hujui kama limemfika au limempita.

Tunaishi ua mmoja. Wao wana vyumba vitatu upande wa bomba la maji, mimi nina viwili upande wa geti, na katikati kuna kamba za nguo. Nimeshona kibarazani pale miaka ishirini na mitatu, na yeye aliolewa humo miaka kumi na tisa iliyopita, kwa hiyo hakuna anachofanya nisichokiona. Watu husema wifi ni adui wa nyumbani. Wamekosea. Adui huchoka akaenda zake. Mimi nipo.

Siku alipoletwa nilimpima nguo mwenyewe. Nilimzungushia tepu mabegani, nikatazama namba, nikampima tena nikidhani nimekosea. Nikamgeukia mdogo wangu mbele ya wageni wote, nikamwambia, "Hongera, umeoa mlango." Watu walicheka hadi mmoja akapaliwa na chai. Bibi harusi naye alicheka. Huo ulikuwa utani, na mawifi wasipotaniana watafanya nini? Maneno makali hayavunji mfupa, ndivyo tulivyolelewa.

Basi tukaendelea hivyo. Akibeba ndoo mbili kwa mkupuo, namwambia aweke chini, atavunjika kiuno, halafu nani atapika? Akiangusha kikombe, akiunguza shati, akichelewa kurudi kazini, nilikuwa na neno langu moja lililotosha kwa yote: "Haya, kama kawaida yako." Lilikuwa neno fupi na halikunigharimu hata kuinua macho kwenye kazi yangu.

Kazi yake niliijua kwa harufu ya dawa aliyorudi nayo. Kile chumba cha kufulia cha hospitali kina mashine mbili kubwa, moja imekufa zamani na wanawekea sabuni juu yake. Shuka lenye damu huanza na maji baridi, maana maji ya moto huipika damu ikaganda kwenye uzi na haitoki tena. Mashuka yakitoka kwenye mashine yamelowa, hutiwa kwenye kapu la waya na kupimwa kwenye mizani karibu na mlango, kwa sababu kikaushio kinakataa zaidi ya kilo arobaini. Kapu hilo ni la kubebwa na watu wawili. Mwenzake alipoharibika mgongo na kuhamishiwa kwenye kukunja foronya, wifi akawa anabeba peke yake. Alibeba miaka kumi na minne, na katika miaka hiyo yote hakuna mtu aliyemwambia yeye ni mnyama gani.

Aliyekuja kumwambia ni Kocha Sema. Usidanganyike na hilo la kocha. Mchana ni msukuma machela wa hospitali hiyo hiyo, jioni anafundisha kunyanyua vyuma kwenye stoo ya zamani ya rangi nyuma ya fundi wa matairi. Anasukuma wagonjwa mchana na wazima jioni. Walimwita Kocha Sema kwa sababu hawezi kumaliza dakika tano bila kupayuka, "Sema! Wewe ni nani? Sema!"

Siku hiyo mtungi wa oksijeni ulikuwa umeanguka kutoka kwenye toroli na kuziba mlango wa chumba cha kufulia. Wanaume watatu waliuzunguka wakijadiliana ushikwe wapi. Wifi alitaka kupita na kapu lake. Aliweka kapu chini, akaushika mtungi, akausimamisha, akaurudisha juu ya toroli, akachukua kapu akapita. Kocha Sema alikuwa ameshika machela yenye mgonjwa, na inasemekana hata mgonjwa aliinua kichwa kutazama. Jioni hiyo hiyo kocha alikuwa getini kwetu akimwambia mdogo wangu kwamba ndani ya nyumba yake kuna kipaji kimelala. Mdogo wangu, ambaye ni karani wa stoo na maisha yake yote amekuwa akijibu swali lolote kwa neno moja, akasema, "Tutaona."

Wifi akaanza mazoezi, nami nilikwenda siku moja kuiona hiyo stoo. Nilikuta ukuta mzima umeandikwa kwa chaki. Kila mtu ameandika jambo analojiambia kabla ya kunyanyua, na kabla hajashika chuma lazima alipige kelele, wenzake wamjibu. Fundi viatu mmoja, mtu wa miguu myembamba na kikohozi, ameandika MIMI NI RADI. Mwalimu wa hesabu ameandika MIMI NI TETEMEKO LA ARDHI. Nilimwona tetemeko mwenyewe akinguruma, akijipiga makofi mashavuni, akainamia kilo hamsini, akaziinua hadi magotini, akaziachia zikamwangukia kidole gumba cha mguu. Alichechemea wiki mbili. Sijui aliwaambia nini wanafunzi wake.

Mimi si mtu wa shule nyingi, lakini mbuzi ukimwambia kila asubuhi kwamba yeye ni chui, utaishia na mbuzi mwenye kiburi. Nilisema hivyo kwa sauti. Kocha Sema akaniambia, "Dada, akili ndiyo inayonyanyua. Mwili unafuata tu." Nikamuuliza kama akili ndiyo iliyomwangukia mwalimu kidoleni. Akajifanya anafunga viatu.

Kuna jambo moja pale ambalo lazima ulielewe, la sivyo hutaelewa kwa nini wifi alijisumbua. Vyuma vyenyewe ni vya aina mbili. Watu wengi hunyanyua bomba, yaani bomba la maji lenye makopo ya saruji kila upande, lisilo na ulinganifu na linalochubua mikono. Halafu kuna kile wanachokiita chuma halisi. Kipo kimoja tu, chenye ncha zinazozunguka na pleti zenye namba za kweli, kilichopatikana baada ya barua kumi na moja kwa chama cha mchezo. Watu watano tu ndio wanaoruhusiwa kukigusa, na majina yao yako kwenye ubao mweusi mlangoni. Ukishiriki mashindano matatu bila kunyanyua hata mara moja, jina lako linafutwa kwa kitambaa kibichi mbele ya watu wote, unarudi kwenye bomba, na mtu mwingine anapanda. Wifi alikuwa wa tano.

Siku moja tukianika nguo, bila kuulizwa, alisema maneno mengi kuliko aliyoyasema mwaka mzima. "Wifi, unajua, kile chuma hakiniiti. Mashine kazini inalia niende, watoto wananiita, mume ananiita, wewe unaniita. Chenyewe kimekaa tu chini kinanisubiri."

Nilikuwa na vibanio mdomoni. Nikavitoa ili niweze kumwambia, "Haya."

Mashindano ya kwanza nilikwenda kwa sababu ya udaku, sitaki kudanganya. Ilikuwa kwenye ukumbi wa chuo, viti vya plastiki, jukwaa la mbao. Kila mtu anapewa nafasi tatu. Unakitoa chuma sakafuni mpaka mabegani, kutoka mabegani mpaka juu ya kichwa, unasimama wima, waamuzi watatu wanawasha taa. Nyeupe ni ndiyo, nyekundu ni hapana. Ukiitwa jina, saa inaanza kuhesabu dakika moja, na lazima chuma kiwe kimeondoka sakafuni kabla kengele haijalia. Wifi aliweka kilo sabini. Mazoezini huwa anazinyanyua, kila mtu aliniapia hivyo. Mara tatu alizifikisha mabegani, na mara tatu zote akageuza uso kidogo pembeni kama mtu aliyeitwa, halafu akazishusha. Hazikumwangukia. Alizishusha mwenyewe, taratibu, kama kapu la mashuka.

Kocha Sema akasema tatizo ni imani haitoshi. Akarefusha yale maneno. Mashindano ya pili wifi hakuwa tena simba peke yake. Alikuwa simba, na mlima, na mto uliofurika, na mwanamke asiyeshindwa, na kila kimoja lazima kipigiwe kelele na wenzake walioko ukumbini waitikie. Jina likaitwa. Akapanda jukwaani, akajipaka chaki, akaanza. "Mimi ni simba!" Wakaitikia. "Mimi ni mlima!" Wakaitikia. Mimi nilikuwa natazama saa ya ukutani, namwona simba anakula sekunde, mlima unakula sekunde, na mto ndio kwanza unaanza kufurika. Kengele ikalia. Chuma hakikuwa kimeguswa. Taa tatu nyekundu kwa mtu aliyesimama na mikono kiunoni akitangaza kwamba hashindwi.

Nafasi ya pili alikatisha tangazo, lakini pumzi zilikuwa zimekwisha kwenye kelele, akafika magotini. Ya tatu alikigusa tu, akashuka. Nilicheka njia nzima hadi nyumbani. Nilicheka mpaka nikashika ukuta. Alipoingia uani na begi lake begani nilikuwa tayari kibarazani, nikamwambia, "Haya, kama kawaida yako."

Akasema, "Ndiyo, wifi," akaenda kufua vazi lake.

Yakabaki mashindano ya tatu, ya mwisho kwake. Miezi miwili kabla, alikuja kibarazani akasimama mpaka nilipoinua kichwa. Vazi aliloazimwa lilikuwa limechanika kwenye paja. Alitaka nimshonee la kubana, la kitambaa kinachovutika, kama wanavyovaa wenzake. Nikamwambia kitambaa cha kuufunika mwili huo itabidi tukaombe kwenye kiwanda cha mahema. Akatabasamu, akaniachia daftari la shule lenye vipimo vyake, kwani alikuwa amepimwa kazini na mwanamke mmoja anayetia viraka mashuka, akaondoka kuwahi zamu.

Nikafungua daftari. Vipimo vilikuwa ukurasa wa kwanza, vimeandikwa vizuri. Nikanakili kifua, kiuno, nyonga. Urefu wa paja sikuuona, nikageuza ukurasa.

Hapakuwa na paja hapo. Palikuwa na mstari umechorwa katikati kwa rula. Juu upande wa kushoto kocha alikuwa ameandika kwa wino mwekundu, KICHWA CHAKO KINASEMA NINI? Upande wa kulia, UTAKIJIBU NINI? Upande wa kushoto mwandiko ulikuwa wa wifi, wa penseli, wa kulala. Aliandika kwa mpangilio, kadiri chuma kinavyopanda. Nikiinama: umeoa mlango. Kikifika magotini: weka chini, utavunjika kiuno, nani atapika. Kikifika mabegani: haya, kama kawaida yako.

Upande wa kulia kocha alikuwa amemsaidia kujibu. Mara tatu, kwa wino mwekundu: SIMBA, SIMBA, SIMBA. Chini yake palikuwa na mahali pamefutwafutwa na kifutio mpaka karatasi imetoboka. Alichotaka kuandika mwenyewe hakijulikani.

Kwanza nilikasirika. Nasema kweli. Nilijiuliza nani kamtuma achukue maneno ya nyumbani ayapeleke kwa wacheza vyuma yasomwe na msukuma machela. Nikakanyaga cherehani kwa hasira, sindano ikakatika. Nikatia nyingine, ikakatika. Nikaacha. Nikalivuta daftari tena nikayasoma kwa sauti ndogo, na yakanitoka kwa lafudhi yangu mwenyewe, na pale panaponyooshwa nilipanyoosha. Fundi anazijua nguo alizoshona hata zikivaliwa na mtu asiyemjua. Nilijua yametoka wapi.

Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu. Aliyenifundisha ushonaji alikuwa mzee mwenye mdomo mchafu, akiniita "vidole vya jembe" siku nzima, na alikufa miaka kumi na mitano iliyopita. Mpaka leo nikikaribia kumaliza kola, kwenye ile kona ya mwisho, namsikia. Kola zangu nyingi zimepinda kona ile. Wateja hawajui kwa nini. Mimi najua, na nilijua hata siku ile nilipokuwa nacheka nimeshika ukuta.

Niliona aibu. Sina neno zuri zaidi ya hilo. Miaka kumi na tisa nilidhani naongea na mtu asiyesikia, kumbe hakuna neno langu lililodondoka chini.

Basi nikaamua kumsifia. Jioni alipopita nikamwambia, "Wifi, leo umependeza." Akasimama ghafla, akajitazama kifuani, akajitazama nyuma, akatafuta doa. Kesho yake nikamwambia chai yake ni tamu. Akaniuliza kama nimepata habari mbaya. Nikaona sifa hazinifai, nikajaribu kunyamaza. Siku tatu sikusema neno kwa mtu. Siku ya nne mdogo wangu alikuja kibarazani na kiti, jambo ambalo halijawahi kutokea.

"Dada, umeshikwa na nini?"

"Sina kitu."

"Mke wangu anasema uko kimya, anaogopa unaumwa. Twende hospitali?"

"Kwani mtu hawezi kunyamaza kwenye nyumba hii?"

"Wewe?" akasema. Akainua kiti chake. "Tutaona."

Vazi lilipokuwa tayari nikalipeleka mwenyewe kazini kwake ili alijaribu. Sikuwahi kuingia chumba kile. Kulikuwa na mvuke, na ile mashine moja ikitikisa sakafu. Alikuwa na kapu mbele ya mizani, mshale umesimama thelathini na nane, na hakuniona. Alipanga miguu. Midomo yake ikacheza. Kapu likapanda tu, bila kishindo, akalipeleka kwenye kikaushio na kulimimina humo, akarudi kwa jingine. Midomo ikacheza tena.

"Unasema nini?" nikamuuliza.

Alishtuka kidogo. "Wapi?"

"Unapobeba. Unasema kitu."

Akafikiri kama mtu aliyeulizwa anapumua vipi. "Sisemi kitu. Nasema visigino. Halafu mgongo. Halafu pumzi. Ni mazoea tu, wifi, mwenzangu aliumia kwa sababu alikuwa anabeba huku anaongea."

Nilitaka kupasuka. Miaka miwili ya kunguruma mbele ya kioo, na dawa iko hapa chini ya mvuke, maneno matatu yasiyo na mnyama hata mmoja! Nilifungua mdomo nimpe maelekezo yake, maana nilikuwa na maelekezo ya kutosha. Akaniwahi. Aliweka kiganja chake kilicholowa juu ya mkono wangu.

"Usiniambie kitu, wifi. Tafadhali. Kwa hili tu."

Ilikuwa mara ya kwanza kunikataza jambo. Nikafunga mdomo, nikampa vazi. Lilimkaa vizuri sana mabegani, na hata hilo sikumwambia.

Nilipotoka nilimkuta Kocha Sema kwenye ukumbi wa wagonjwa wa nje. Yeye hakuwa amenikataza. Nilimuuliza, mbele ya mgonjwa wake, kama katika miaka yote hiyo ameshawahi kumuuliza yule mwanamke anajiambia nini akibeba mashuka. Akasema mashuka si mchezo. Nikamwambia na simba si maneno, ni kelele, na kwamba kazi yake ni kumwacha mtu anyamaze dakika moja. Akanijibu, "Dada, mtu asipojiamini hawezi kitu." Akasukuma machela yake. Mtu anayeuza imani hamsikilizi anayeuliza bei.

Siku ya mashindano ya tatu ukumbi ulikuwa ule ule. Kocha Sema alikuja na kitambaa kibichi kwenye mfuko wa plastiki, akamwonyesha wifi kabla hajapanda. Alisema ni cha kumtia moyo. Nilikaa mstari wa tatu na mkoba wa wifi mapajani, na mdogo wangu pembeni yangu akitafuna kucha.

Nafasi ya kwanza, kilo sabini. Kocha akapayuka, "Sema! Wewe ni nani?" Wifi hakusema. Alisimama nyuma ya chuma, akainama, akakitoa. Kikafika mabegani. Nikauona ule uso ukigeuka pembeni kidogo, nami sasa nilijua nani anamwita. Akashusha. Taa nyekundu.

Nafasi ya pili kocha alikuwa ameshapanda juu ya kiti. "Simba! Simba!" Radi na tetemeko wakaitikia. Wifi aliyumba kwa ile kelele, akafika magotini, akaacha. Taa nyekundu. Alikwenda kukaa kwenye benchi, akafunika kichwa na taulo. Dakika zake mbili za kupumzika zilikuwa zikihesabiwa ukutani. Kocha alikuwa ameshautoa ule mfuko wa plastiki mfukoni, sijui hata kama alijua ameutoa.

Jina likaitwa mara ya tatu. Akavua taulo, akapaka chaki, akaenda.

Nilimwahidi kutosema kitu. Nikayafikiria yote mawili, ahadi yangu na lile daftari. Kama sauti yangu ndiyo iliyokuwa inamsubiri kule mabegani, basi nani mwingine angeweza kuiondoa? Lakini nikimwambia maneno ya asali, hatanijua. Ataangalia kama ana doa. Chuma kikatoka sakafuni. Kikapita magotini. Kikafika mabegani, na pale nikasimama, mkoba ukaanguka, nikapiga ukelele kwa ile sauti yangu ya uani, ile ile, kali, ya kuita mtu aliyeacha bomba wazi:

"Wee! Mlango husimama, wifi! Simama!"

Ukumbi mzima ukageuka. Mwamuzi mmoja alinitazama mimi badala ya jukwaa. Mdogo wangu akajificha uso. Lakini wifi hakugeuka. Midomo yake ilikuwa inacheza, polepole, na uso ulikuwa mbele. Visigino, nikayasoma maneno yake kutoka mstari wa tatu. Mgongo. Pumzi. Chuma kikapanda juu ya kichwa, mikono ikanyooka, miguu ikakutana, na akasimama pale kama mtu anayesubiri kikaushio kimalize. Taa tatu nyeupe.

Mdogo wangu alisimama akapiga makofi mpaka viganja vikawa vyekundu. Kocha Sema alikuwa anamkumbatia kila aliye karibu akisema, "Simba! Niliwaambia!" Sikubishana naye. Nilikuwa na haraka ya kufika nyuma ya jukwaa, kwa sababu nilijua kilichomnyanyulia zile kilo, na nilitaka akijue naye. Njiani niliyapanga maneno. Ningemwambia daftari nimelisoma. Ningemwambia samahani, neno ambalo sijawahi kulitumia ua ule. Ningemwambia kwamba aliyefunga ndiye aliyefungua.

Alikuwa amekaa kwenye ngazi, jasho linamtiririka, anafungua kamba za viatu. Jina lake lilikuwa salama kwenye ubao, na uso wake ulikuwa umepumzika kwa namna ambayo sijapata kuiona nyumbani.

"Ulinisikia?" nikamuuliza.

Akainua kichwa. "Ulisema kitu?"

"Nilisema! Nilipiga kelele ukumbi mzima ukanigeukia. Pale ulipofika mabegani."

Akafikiri. Alifikiri kwa uungwana, kama anayenitafutia hata neno moja anipe nisiondoke mikono mitupu.

"Hapana, wifi," akasema. "Pale palikuwa kimya. Palikuwa kimya kabisa."

Akarudi kwenye kamba zake. Nilimpa mkoba wake. Badala ya yale maneno yote niliyoyapanga, nikamwambia avae sweta, jasho litamkaukia mwilini. Hilo nalo hakulisikia.